Presio ya Mafuta: Taa Nyekundu Inamulinda Mutu, Si Chuma Tu

Wafanyakazi wenzangu wa kariere, wa shimo la chini na wa garaji. Mashofere, mekanisiye, walinzi wa grupu za umeme. Na ninyi wamama munaosoma ukurasa huu jioni nyumbani: mara hii tutazungumza habari ya presio ya mafuta ya moteri.

Najua wengine watauliza: "Munganga anatafuta nini ndani ya moteri? Abaki na sindano zake na vidonge vyake." Jibu langu ni fupi. Moteri inapovunjika, mekanisiye anaitwa. Lakini moteri inapovunjika wakati kamio yenye muzigo iko katika mutelemko, sisi wa dispanseri tunaitwa pia. Na mara nyingi kile kilichovunja moteri kilikwisha kusema mbele. Kilisema kwa mushale, ao kwa taa ndogo nyekundu mbele ya macho ya shofere. Mutu hakutaka kusikia.

Neno langu la leo ni hili: kaptere ya presio ya mafuta, pamoja na mushale wake na taa yake, ni chombo cha usalama, sawasawa na kofia ya kazi na mukanda wa kiti. Anayeifunga macho anahatarisha maisha ya wenzake. Na mukubwa wa kazi anayemugombeza shofere kwa sababu alisimamisha moteri taa ilipowaka, huyo anaita ajali ya kesho.

DAMU NA MAFUTA

Mwili wa mutu na moteri ya dizeli havifanani katika mambo yote, lakini katika jambo hili vinafanana sana. Mwilini kuna moyo unaosukuma damu katika mishipa. Katika moteri kuna pompi inayovuta mafuta ndani ya karteri, inayapitisha katika filtri na katika radiatere ya mafuta, kisha inayasukuma katika njia ndogo ndogo hata yafike kwa vilbreke, kwa biele, kwa pistoni na kwa turbo.

Mufananisho huu si wangu peke yangu. Mwaka 1828 huko Paris, munganga Mufaransa, Jean Poiseuille, alipima presio ya damu ya wanyama kwa chombo chenye zebaki. Miaka ya 1840 akatoa sheria inayoonyesha namna maji-maji yanavyopita katika tube nyembamba. Yeye alitaka kuelewa damu katika mishipa midogo. Leo mainjenieri wa mafuta wanatumia sheria ile ile. Kipimo kimoja cha uzito wa mafuta, kinachoitwa "poise", kilipewa jina lake. Basi, si ajabu munganga akisema juu ya presio ya mafuta: njia hiyo ilifunguliwa na munganga.

Sheria hiyo inatufundisha nini? Presio haitoki kwa pompi peke yake. Pompi inaleta mafuta. Presio inazaliwa kwa sababu mafuta yanapata kizuizi katika njia yake. Mafuta yakiwa mazito, kizuizi ni kikubwa na presio inapanda. Mafuta yakiwa mepesi kama maji, ao chuma kikilika na nafasi kupanuka, mafuta yanatoroka bila shida na presio inashuka. Nafasi ikiongezeka kidogo tu, mafuta yanayotoroka yanaongezeka mengi sana.

Kwa hiyo mushale ukishuka, unaweza kuwa unakuambia moja ya mambo haya: mafuta yamepunguka katika karteri, yamepata moto kupita kiasi, mazuti imeingia ndani yake na kuyafanya mepesi, kusineti zimekwisha, pompi imechoka, ao ile klape inayopunguza presio imebaki wazi. Mushale hauwezi kusema ni lipi. Unasema tu: "Kuna ugonjwa, tafuta." Hata chombo cha kupimia tansio kinafanya vile.

UTANDO MWEMBAMBA UNAOSHIKA MUZIGO MUZITO

Ndani ya moteri nzuri, vilbreke haigusi kusineti. Inaelea juu ya utando wa mafuta ulio mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Pompi inaleta mafuta, na muzunguko wenyewe wa chuma unayavuta chini yake. Turbo ni vile vile: muti wake unazunguka makumi ya maelfu ya mara kila dakika, umeshikwa na mafuta tu, na upande mumoja unachomwa na moshi wa moto mukali sana.

Utando huo ukikatika, chuma kinagusana na chuma. Moto unapanda mara moja. Kusineti inayeyuka na kushikana na vilbreke. Moteri inakamata, ao biele inavunjika na kutoboa ukuta wa moteri. Mambo hayo hayangojei mwisho wa posti. Moteri yenye muzigo isiyo na mafuta inaweza kufa kwa dakika chache tu.

Moteri nyingi za dizeli zikiwa na moto wa kazi zinaonyesha bari 3 hata 5 zikiwa na mwendo, na bari 1 ao zaidi kidogo zikizunguka polepole. Asubuhi, mafuta yakiwa baridi na mazito, mushale unapanda zaidi. Lakini kila moteri ina kitabu chake, na kitabu ndicho kinachotoa amri. Shofere mwema anajua kwa kichwa namba za kamio yake, kama vile mama anavyojua kilo za mutoto wake kwenye karte ya kupima watoto.

MUSHALE NA TAA VINAONAJE?

Manometri ya zamani inatumia tube ya shaba iliyopindwa kama mundu. Eugène Bourdon aliipatia brevete huko Paris mwaka 1849. Presio ikiingia, tube inajaribu kunyooka, na kule kunyooka kunavuta mushale. Ni kitu chepesi, kisichohitaji umeme, na hata leo mekanisiye anakitumia kuhakikisha vyombo vingine.

Taa nyekundu ni kitu kingine. Ndani ya kaptere yake kuna ngozi nyembamba na ressoru. Presio ikiwa nzuri, ngozi inasukumwa na kontakti inafunguka, taa inazimika. Presio ikianguka, ressoru inarudisha kontakti, taa inawaka. Sikilizeni vizuri hapa: katika motokari nyingi taa hiyo inawaka presio ikiwa imekwisha kushuka karibu ya nusu ya bari. Maana yake, taa si barua ya kukuonya kwamba taabu itakuja wiki ijayo. Taa inasema taabu imekwisha kuingia nyumbani. Mutu asiseme, "Nimalize kwanza safari hii moja."

Mashini za siku hizi zina kaptere inayopeleka habari kwa ordinatere ya moteri. Ordinatere inalinganisha presio na mwendo wa moteri. Ikiona presio haitoshi, inaonya, kisha inaweza kupunguza nguvu ya moteri, ao kuisimamisha kabisa. Shofere analalamika: "Kamio inakataa kupanda, haina nguvu!" Pengine moteri haikukosa nguvu kwa uzee. Imefungwa mukono na kaptere ili isife.

Tena kuna moteri, kama zile za Caterpillar na za pikapu za Ford zilizotoka miaka ya 1990, ambazo mafuta ya moteri ndiyo yanayosukuma injektere. Pompi ya pili inapandisha mafuta hayo kupita bari 100, na kaptere yake inaiambia ordinatere namna ya kuchoma mazuti. Kaptere hiyo ikiharibika, ao mafuta yakiwa machafu ao haba, moteri inakohoa, inakataa kuwaka, inatoa moshi. Hapo wengine wanatoa waya wa kaptere, ordinatere inatumia namba ya kubahatisha, na moteri inapiga. Wanafurahi. Lakini mugonjwa hakupona. Wamefunika karatasi ya homa yake tu.

DESTURI MBAYA YA KUFUNGA MACHO

Sasa tufike kwenye kidonda. Katika garaji na katika kariere, kuna desturi ambayo kila mutu anaijua na hakuna anayetaka kuiandika. Taa inawaka, mutu anatoa waya. Ao anapasua ampule. Ao anabandika skoche nyeusi juu ya taa ili isimuumize macho usiku. Ao analeta waya mudogo na kuidanganya ordinatere.

Siku moja shofere mumoja muzee alikuja kwangu kupimwa. Tansio yake ilikuwa 18 kwa 11. Nikamuuliza kama anakunywa dawa nilizomupa.

"Dokta, niliziacha. Miye sisikie maumivu yoyote."

"Papa, tansio haiumi. Ndiyo sababu tunaipima."

Akacheka. "Basi ni kama taa ya kamio yangu. Iliwaka wiki mbili, nikaifunga na skoche. Mpaka leo kamio inatembea."

Sikucheka naye. Mutu huyu alikuwa anapanda na kushuka kariere na mishipa miwili inayotaka kupasuka: mumoja kichwani mwake, mwingine chini ya kiti chake. Na vyote viwili vilikuwa na chombo cha kuvipima.

Juu ya nini watu wanafanya vile? Si kwa ujinga tu. Tuseme ukweli: wengi wanaogopa. Kamio ikisimama, hesabu ya safari inapunguka, na primi inapunguka. Kapita anapiga redio: "Wewe, unalala?" Garaji inasema pyesi haipo. Shofere anawaza mafranka ya masomo ya watoto, na anachagua kufunga taa. Ninaelewa woga huo. Lakini ninasema: mushahara uliokatwa unaweza kurudi mwezi ujao, muguu uliokatwa haurudi.

AJALI ZINAZOTOKA HAPO

Ya kwanza ni kukwama kwa moteri katika mutelemko. Katika kamio kubwa, moteri ndiyo inayozungusha pompi ya usukani na kompresere ya hewa ya freni. Ikikamata, usukani unakuwa muzito kama mulima, na shofere anabaki na akiba kidogo tu ya kumusaidia kusimama. Chini yake kuna mashini nyingine, na watu.

Ya pili ni moteri kupanda wazimu. Turbo ikikosa mafuta, muti wake unalika, na mafuta yanaingia katika njia ya hewa. Dizeli haina buji. Inawasha kwa kukamua hewa hata iwe na moto. Kwa hiyo inaweza kula mafuta yake yenyewe. Ukifunga mazuti, haisikii. Inapanda mwendo hata ivunjike. Dawa yake ni kuifunga hewa kwa klape iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa mukono ao kwa nguo ya kazi. Kama mashini yako haina klape hiyo, ama hukufundishwa, kimbia na ufukuze wenzako.

Ya tatu ni moto na kuungua. Tube ya mafuta ikipasuka, presio inaanguka na mushale unaona. Mafuta yenye moto yanarukia turbo na kuwaka. Aliyefunga taa atajua kwa harufu ya moshi, ao kwa ngozi yake.

Ya nne ni ya walinzi wa grupu kubwa. Kusineti iliyopata moto inageuza mafuta ya ndani kuwa ukungu, na ukungu huo unaweza kulipuka. Mwezi wa 9 mwaka 1947, meli ya dizeli Reina del Pacifico ililipuka namna hiyo ndani ya moteri zake, katika safari ya majaribio karibu na Ireland ya Kaskazini, nayo pistoni ndiyo iliyopata moto kupita kiasi. Watu 28 walikufa. Kwa hiyo, moteri kubwa ikizimika na moto mwingi, usifungue milango ya karteri upesi ili uangalie. Ngojea ipoe. Hewa mupya ikiingia, unaweza kuipa nafasi ya kulipuka usoni mwako.

Ya tano haipigi kelele. Moteri iliyochoka kwa kukosa mafuta inatoa moshi mwingi, na moshi wa buluu maana yake ni mafuta yanayoungua. Mwaka 2012, idara ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya la Dunia, yenye makao Lyon katika Ufaransa, iliandika moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Katika kariere upepo unasaidia kidogo. Katika shimo la chini, moshi wa mashini moja mbovu unaingia katika mapafu ya ekipi nzima.

"LAKINI KAPTERE INASEMA UONGO"

Nasikia jibu la mekanisiye: "Dokta, mara nyingi ni kaptere inayoharibika, si moteri." Ni kweli. Waya unakatika, kontakti inaoza, maji yanaingia. Mimi pia, chombo changu cha tansio kinaweza kudanganya. Lakini kikinipa namba mbaya, siendi kukitupa na kumwambia mugonjwa aende kazini. Napima tena kwa chombo kingine.

Kwa moteri ni vile vile. Simamisha. Angalia mafuta kwa kijiti. Kisha weka manometri ya mukono mahali pa kaptere, na usome. Kazi hiyo si ya siku nzima. Ikiwa manometri inasema presio ni nzuri, badilisha kaptere. Kaptere mupya ni bei ndogo sana mbele ya vilbreke. Lakini kusema "ni kaptere" bila kupima, hiyo si ufundi, ni kuagua.

Tena tusiigeuze kaptere kuwa mungu. Presio nzuri haimaanishi mafuta ni mazuri. Mushale hauoni uchafu. Hauoni mafuta yanayopunguka polepole, hata siku pompi inapoanza kuvuta hewa. Asubuhi ya baridi mushale unaweza kupanda juu kabisa, na wakati huo huo mafuta mazito bado hayajafika vizuri kwa turbo. Ndiyo sababu kijiti cha mafuta, filtri inayobadilishwa kwa saa zake, na masikio ya shofere haviwezi kuachwa.

KWA WAKUBWA WA KAZI

Kwenu ninasema kwa heshima. Munabandika ukutani: "Usalama kwanza." Lakini mufanyakazi hasomi ukuta; anasoma karatasi yake ya mushahara. Akiona aliyesimamisha kamio kwa taa nyekundu amekatwa primi, na aliyefunga taa kwa skoche amepata primi yote, ameelewa somo. Na atawafundisha vijana.

Ninaomba mambo matatu. Saa za kusimama kwa sababu ya taa ya presio zisihesabiwe juu ya shofere. Kila garaji iwe na manometri ya kupimia na kaptere za akiba. Na waya uliotolewa makusudi uandikwe kama kosa la usalama, sawa na kuingia shimoni bila kofia, awe aliyeutoa ni nani.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Mbele ya kuwasha, angalia mafuta kwa kijiti, kamio ikiwa mahali sawa. Mafuta yakiwa juu kupita alama, ao yakinuka mazuti, usiwashe, mwite mekanisiye.

2. Ukifungua kontakti, taa nyekundu lazima iwake. Isipowaka, imekufa ao imefungwa. Usitoke nayo.

3. Ukiwasha, mushale upande na taa izimike ndani ya sekunde 10 ao 15. Kama sivyo, zima moteri.

4. Usipige gazi moteri ikiwa baridi. Na nyuma ya kazi nzito, iache izunguke polepole dakika 3 hata 5 mbele ya kuizima, ili turbo ipoe na mafuta yake.

5. Taa ikiwaka njiani: peleka mashini upesi mahali salama palipo karibu, shika freni, zima moteri, weka kabari chini ya magurudumu, piga redio. Usiwashe tena "kujaribu".

6. Usitafute tube inayovuja kwa mukono. Tumia kipande cha kartoni. Mazuti ya injektere inatoka na nguvu ya kutoboa ngozi: tundu ni dogo, maumivu ni madogo, lakini mukono unaweza kupotea. Aliyetobolewa aje hospitali saa ile ile, hata kama hasikii kitu.

NA NYUMBANI

Wamama, mutu akiungua na mafuta ya moto, kazini ao jikoni, dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Vueni pete na nguo isiyoshikana na ngozi. Funikeni kwa kitambaa safi, muje dispanseri. Musipake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta, wala mayai.

Na baba wa nyumba akirudi, mumuulize mambo mawili: "Taa ya kamio yako inawaka vizuri?" na "Lini ulipimwa tansio?" Kama tansio inapita 14 kwa 9 mara kwa mara, dawa si za kunywa siku ya maumivu tu. Ni za kila siku, kama mafuta ya moteri.

Taa nyekundu haina chuki na mutu, wala haitaki kukunyima primi. Inasema ukweli mbele ya ajali kuusema. Iacheni iseme, na muisikie. Kazi njema kwenu wote, na kila posti mwisho wake uwe kurudi nyumbani wazima.